Mbwa wa Mtaani na Kuku wa Uani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga kuku wa kienyeji na chotara Chanika, Dar es Salaam, upande wa kwenda Mvuti, na nauza vifaranga. Mtu akichukua vifaranga hamsini leo, baada ya miezi minne simu inaita: "Mbwa wamemaliza kuku." Nilishachoka kueleza jambo lile lile kwa simu huku salio linakatika, kwa hiyo nimeandika hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Kwa wa Msongola, Kibamba, Mabwepande, Kisarawe II na kwingine ambako bado kuna mikorosho na nyumba zimeachana, hali ni moja.

Nitajuaje kama ni mbwa kweli? Sikumwona kwa macho.

Usifagie kwanza. Kila mtu akiamka akakuta manyoya anachukua ufagio, na ushahidi unakwenda jalalani.

Mbwa anaacha fujo. Manyoya yametapakaa uwanja mzima, kuku wamelala huku na kule, wengine hata hawana jeraha la kuonekana, lakini ukimshika mmoja unakuta mgongo au kiuno kimevunjika na ngozi ya nyuma imechanika. Mbwa humkamata kuku anayekimbia, ndiyo maana majeraha mengi huwa mgongoni, mapajani na mkiani. Angalia chini ya ukuta wa banda: shimo la mbwa ni pana, udongo umerushwa nyuma, na nyayo zina alama za kucha mbele ya vidole. Paka hutembea kucha zimefichwa, kwa hiyo nyayo zake hazina alama hizo.

Kicheche na nguchiro wana mtindo mwingine. Wanaanza na kichwa na shingo, na wanapita kwenye upenyo ambao mbwa asingeingiza hata pua. Kenge anafuata mayai na vifaranga. Mwewe anabeba mchana, unaona kivuli tu. Panya anavuta kifaranga mpaka shimoni, na asubuhi unahesabu pungufu bila tone la damu. Kunguru nao msiwasahau, hawa weusi wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890: kifaranga wa siku tatu kwao ni kitafunwa.

Ukikuta mlango umefunguliwa vizuri, hakuna unyoya chini, na jogoo wawili wakubwa ndio hawapo, huyo ana miguu miwili. Msimsingizie mbwa.

Ameua kumi na wanne na hajala hata mmoja. Ndiyo ushirikina?

Hapana. Swali hili naulizwa sana, na mara mbili nimeona watu wakikaribia kugombana na bibi mzee wa jirani kwa sababu hiyo.

Mbwa hahitaji njaa ili aue kuku. Kinachomwamsha ni kitu kinachokimbia na kupiga mabawa. Akimkamata wa kwanza na akatulia, yule wa pili anapuruka mbele yake, anamfuata huyo, na wa tatu vilevile. Porini windo lingekimbia likaisha mchezo. Bandani kuku hawana pa kukimbilia, kwa hiyo mchezo hauishi mpaka kuku waishe. Wengine hawang'atwi kabisa: wanarundikana kwenye kona, wa chini wanakosa hewa.

Kwa hiyo mbwa mmoja aliyeshiba, wa nyumba nzuri yenye geti, anaweza kufanya maafa makubwa kuliko mbwa koko mwenye njaa. Koko anachukua mmoja na kuondoka naye.

Basi hawa mbwa wanatoka wapi?

Kwetu wako wa aina mbili, na ukikosea aina utapoteza hela.

Wa kwanza ni mbwa wa geti. Mchana kafungwa, saa nne usiku anafunguliwa alinde, na ukuta ukiwa na upenyo au mlinzi akiacha geti wazi, anazunguka mtaa mzima na kurudi alfajiri. Mwenye mbwa anaamka anamkuta kalala barazani, anakuapia kwamba mbwa wake hatoki. Na haongopi, hajawahi kumwona akitoka. Jike likiwa kwenye joto ndiyo hatari zaidi, madume ya mitaa mitatu yanakusanyika na kutembea kwa kundi, na mbwa kwa kundi wanafanya mambo ambayo mmoja peke yake asingethubutu.

Wa pili ni mbwa wa jalalani, na huyu tunamlea sisi wenyewe. Hili ndilo ninalotaka mfugaji alisikie kuliko wavu na kufuli. Dar vichwa, miguu na utumbo wa kuku vinauzwa, havitupwi. Kinachotupwa ni manyoya yenye damu, mayai viza, vifaranga waliokufa, na zaidi ya yote kuku waliokufa kwa mdondo, yaani kideri. Mdondo ukipita, mtu anabeba mizoga kumi kwenye kiroba anaitupa kichakani nyuma ya nyumba. Mbwa wanakula wiki nzima. Wamejifunza harufu ya kuku ni chakula na wamejifunza njia ya kwako. Mizoga ikiisha, wanarudi pale pale kuuliza kama ipo mingine.

Mwaka nilioibiwa na mbwa kuku kumi na wanne, mizoga ilikuwa ya kwangu. Nilikuwa nimeitupa mwenyewe bondeni, hatua mia moja kutoka bandani.

Chimba shimo la futi tatu, fukia, rudishia udongo na weka jiwe juu. Au choma kabisa. Na chanja kuku dhidi ya mdondo kila miezi mitatu, tone moja jichoni. Chanjo hii inapatikana maduka ya dawa za mifugo na hugharimu kidogo sana kwa kuku mmoja. Watu wanashangaa ninapowaambia kuchanja mdondo ni sehemu ya kuzuia mbwa.

Ni kweli mbwa akishaonja damu ya kuku hawezi kuacha?

Nusu kweli. Damu haina uchawi, ila mazoea yana nguvu. Mbwa aliyefanikiwa mara moja atajaribu tena, kwa kawaida usiku huo huo unaofuata au baada ya siku mbili. Ndiyo maana usiku wa pili ndio wa kujipanga, kabla hata ya kwenda kwa mjumbe. Wahamishie waliobaki stoo, jikoni, chooni kama hakitumiki, popote penye mlango. Akija mara tatu nne asipate kitu, anahamia kwingine.

Sina hela ya kujenga ukuta. Nianze wapi?

Anza na usiku. Banda la kulala likiwa imara, umeshaondoa sehemu kubwa ya hatari, hata kama mchana wanazurura. Kuku wa kienyeji watano hadi wanane wanalala kwenye mita moja ya mraba, kwa hiyo kwa kuku ishirini hujengi jumba.

Kosa la kwanza ninaloliona ni wavu. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa, ni wa kuzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kuzuia mbwa asiingie. Mbwa mwenye kilo ishirini anaupiga kwa miguu ya mbele, anaushika kwa meno, unachanika kama kitambaa. Ukiwa na hela kidogo, nunua wavu wa chuma uliochomelewa kwa futi tatu za chini tu, na juu weka huo mwepesi. Au chini tumia mabanzi. Mabanzi kutoka mashine za mbao ni rahisi, yapige misumari wima yakiwa yamebanana, na mbwa hawaoni kuku walio ndani. Asichokiona hakimhangaishi sana.

Kosa la pili ni chini. Udongo wetu ni mchanga. Kule Kigamboni ndiyo usiseme, mbwa anachimba shimo la kupita kwa dakika chache, na masika ikilowanisha ardhi ni rahisi zaidi. Kama huwezi kumwaga zege, fanya hivi: chukua wavu wa upana wa futi moja na nusu, ufunge chini ya ukuta kwa nje na uulaze chini kuelekea nje, kisha funika kwa udongo na mawe. Mbwa huchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Akichimba anakutana na wavu chini ya miguu yake, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Matofali yaliyovunjika yaliyopangwa kuzunguka banda nayo yanasaidia.

Ukipenda banda la kichanja, liinue futi tatu kutoka chini. Hachimbi, na kinyesi kinaanguka chini unakipeleka kwenye mchicha. Ila kichanja cha futi moja na nusu chenye sakafu ya fito zilizoachana ni balaa, kwa sababu mbwa anaingia chini na kurukia vidole vya kuku kupitia kwenye nafasi. Nimeona kuku watatu waliokatwa vidole namna hiyo, na mwenye nao alidhani ni panya.

Mlango ufunguke kwa nje na ukae kwenye fremu, ili mbwa akisukuma azidi kuubana. Komeo mbili, moja juu na moja chini, maana mlango wenye komeo moja katikati unaachia pembe ya chini, na pembe hiyo ndiyo anayoingiza kichwa. Kufuli ni kwa ajili ya yule wa miguu miwili.

Halafu saa ya kufungua. Wengi wanafungua banda saa kumi na moja alfajiri wakitoka kuswali au wakiwahi daladala, na hiyo ndiyo saa ambayo mbwa wa geti wako njiani kurudi kwao. Fungua saa moja, jua limetoka na watu wanapita. Hili halina gharama, na kuna wateja wangu wawili ambao hili peke yake ndilo lililowamalizia tatizo.

Na mchana?

Mchana mbwa wengi wamelala au wamefungwa. Wasiwasi wako uwe zaidi kwa vifaranga, kwa sababu ya kunguru na mwewe. Tengenezea vifaranga na mama yao uwanja mdogo na funika juu kwa wavu chakavu wa uvuvi. Wavuvi wa Kimbiji au Feri wakishautupa ule, kwako bado una kazi. Juu unafaa sana. Pembeni usiutegemee.

Kwa uzio wa uwanja mkubwa, michongoma ni mizuri lakini inataka subira ya masika mbili tatu, na sehemu ya chini huwa wazi: jaza kwa matawi ya miba. Minyaa inaota haraka na haihitaji kumwagiliwa, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo penye watoto wadogo sipendekezi. Makuti ni ya kivuli na faragha tu. Mbwa anapita.

Kuku wangu wanalala juu ya mwembe. Wako salama?

Na mbwa, ndiyo, mpaka wanaposhuka alfajiri. Na kicheche, hapana. Na mvua, unajua mwenyewe.

Kuku wapya walionunuliwa sokoni ndio wanaosumbua, hawajui banda ni wapi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi badala ya kamba nawafungia ndani siku saba mchana na usiku, maji na pumba humo humo. Siku ya nane wanatoka, na jioni wanarudi wenyewe.

Pilipili, mafuta ya taa, taa za sola?

Pilipili na mafuta ya taa vinakwenda na mvua ya kwanza. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita inafanya kazi kama wiki mbili, mpaka mbwa ajue kwamba haing'ati. Mimi ninayo, lakini faida yake ni kwamba inaniamsha mimi.

Wengine wanafuga kanga au bata bukini wapige kelele. Kelele watapiga kweli, mpaka majirani wakuchukie. Bata kumbuka analala chini, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuliwa.

Nikifuga mbwa wangu mwenyewe?

Inawezekana, tena ni kinga nzuri, ukimchukua angali mdogo na ukamlea kati ya kuku. Mbwa wa miezi miwili anayedonolewa na mtetea mwenye vifaranga anajifunza heshima mapema. Hatari yake ni miezi sita hadi mwaka na nusu, umri wa utundu: hapo asiachwe peke yake na kuku hata robo saa. Mlishe kwenye chombo chake, mbali na kuku. Usimpe mifupa yenye manyoya wala kichwa kibichi.

Ule ujuzi wa kumfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze, acheni. Mbwa haunganishi harufu ile na kosa la juzi. Unachopata ni mbwa mwenye vidonda na nzi.

Kwa jirani zetu Waislamu, ambao kwa pwani hii ni wengi, suala la mate ya mbwa na twahara lipo. Usimwache mbwa wako akafika kwenye ndoo za maji au baraza la watu. Mbwa anayekaa kwao hana adui.

Nikitega sumu je? Dukani wanauza.

Usitege. Najua hasira yake, nimeshakaa na nyama mkononi nikifikiria. Lakini sumu haichagui. Anakula mbwa aliyechanjwa wa mtu mwingine, kunguru anabeba kipande anakidondosha uani kwa watu, kuku wako wanadonoa matapishi, na mtoto anaokota. Mbwa wa jirani ni mali ya jirani. Ukimuua unaweza kujikuta polisi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Umekuja mwenye madai ya kuku kumi, unaondoka mshitakiwa.

Kama ni mbwa wasio na mwenyewe, kundi linalotisha watu, peleka taarifa kwa mtendaji wa mtaa na afisa mifugo wa kata. Kazi hiyo ina wenyewe.

Namjua mwenye mbwa. Nimfuate vipi, na naweza kudai fidia?

Unaweza kudai. Lakini kwanza picha: kuku walipolala, shimo, nyayo, na mbwa mwenyewe kama bado yupo, simu iwe imeandika tarehe. Kisha mwite jirani mmoja au mjumbe aje aone kabla hujazika.

Halafu subiri jioni. Ukienda asubuhi na mzoga mkononi unapiga kelele getini, umeshashindwa, maana atajibu kelele, hatajibu hoja. Nenda baada ya magharibi, piga hodi, salimia vizuri. "Shikamoo mzee. Nimekuja kwa jambo la ujirani. Jana usiku mbwa waliingia kwangu, na huyu wa kwako mweusi alikuwepo, nimempiga picha hii hapa. Naomba tushauriane." Mwache aangalie simu kwa muda wake. Mimi jirani yangu alikaa kimya, akampa mke wake simu, mke akasema "huyu si Simba huyu?", na mambo yakawa mepesi.

Dai bei ya kweli: bei ya sokoni Kisutu au Shekilango wiki hiyo, kwa kuku wa ukubwa huo. Mtetea aliyekuwa anataga unaweza kuongezea kidogo na ukaeleza kwa nini. Usiwageuze vifaranga kuwa majogoo, mtaa mzima unajua ulichokuwa nacho. Hata kama atalipa nusu, omba jambo la pili lenye thamani zaidi: mbwa afungwe usiku au upenyo wa ukuta uzibwe, na mwandikiane mbele ya mjumbe.

Akikataa, mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, na mwisho kabisa mahakama ya mwanzo. Ulizia kata kuhusu sheria ndogo za manispaa yako za kufuga mbwa, na mtendaji akitoa barua tu, wengi hulegea.

Kuku ameng'atwa lakini yuko hai. Nichinje au nitibu?

Jeraha likiwa la ngozi, anapona. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kata manyoya yaliyozunguka, paka iodini, na mtenge peke yake, kwa sababu wenzake wakiona wekundu watamdonoa mpaka wammalize. Antibayotiki ni kwa ushauri wa mtaalamu, na ukimpa, mayai yake usiuze mpaka siku za dawa ziishe. Akiwa amevunjika mgongo, usimtese.

Kuchinja ili kula: Surat al-Maida, aya ya 3, inamtaja aliyeliwa na mnyama mkali kati ya vilivyoharamishwa, isipokuwa mliyewahi kumchinja angali hai. Pale penye meno muulize sheikh wako namna ya kutwaharisha. Na kwa dini zote, kama mbwa aliyeuma alikuwa na dalili za kichaa, usichinje, usinyonyoe, fukia. Hatari kubwa ni mikono yako yenye michubuko ikigusa mate mabichi.

Mtoto ameng'atwa akiwaokoa kuku. Alama ni ndogo tu.

Ndogo au kubwa, osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukiangalia saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo akaanzishwe chanjo, na amalize dozi zote kwa tarehe atakazopangiwa. Usipake mafuta ya breki wala majani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Mbwa asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa kwa usalama. Anaangaliwa siku 10 na daktari wa mifugo. Akibaki mzima, ni habari njema kwa mtoto, lakini chanjo haingoji siku hizo. Mbwa anayetokwa mate, sauti imebadilika, taya limelegea au anang'ata hata vijiti, msimsogelee, piteni mbali na mwite afisa mifugo.

Mbwa wenu wenyewe wachanjwe kila mwaka kuanzia miezi mitatu. Kila 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wilaya nyingi huchanja bure siku zinazoizunguka. Sikilizeni gari la matangazo.

Waliobaki wameacha kutaga na wanaogopa kuingia bandani.

Kawaida. Wameona wenzao wakifia humo. Toa maranda yote ya zamani yenye damu, piga chokaa, weka maranda mapya, na kama unaweza geuza mlango uelekee upande mwingine. Wape vitamini kwenye maji siku tano, na jioni watupie mahindi kidogo ndani. Wangu walirudi kutaga baada ya wiki tatu. Jogoo ndiye aliyechelewa, alilala juu ya tangi la maji mpaka vuli ilipoanza.